Mistari myekundu ya babu na rangi ya njano ya wanafunzi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Tanga, nafundisha Historia na Kiswahili. Babu yangu mzaa baba, ambaye alikuwa akidarsisha fiqhi, yaani sheria za Kiislamu, ametuachia sanduku la vitabu, na miongoni mwake mna misahafu miwili. Vingine vimeandikwa kwa mkono na vingine ni vya chapa. Karibu kila ukurasa una mistari myekundu juu ya maneno, na pambizoni mna maneno mafupi ya Kiarabu yaliyoandikwa kwa mshazari. Nimeambatisha picha ya ukurasa mmoja. Ndugu zangu wawili wanataka tuvisafishe kabla ya kuvipanga kabatini. Wakati huohuo wanafunzi wangu wa kidato cha sita wananiletea vitabu vilivyopakwa rangi ya njano ukurasa mzima. Je, kuweka alama kitabuni ni kukisoma au ni kukiharibu? Wa kale walifanyaje, na sisi tufanyeje?

JIBU: Mwalimu, nianze na lile lisiloweza kungoja: tafadhali wazuie ndugu zako wasisafishe chochote. Wasitumie raba, wasitumie kitambaa chenye maji, wala wasikate kingo za kurasa ili zilingane. Wino mwekundu wa vitabu vya namna hiyo mara nyingi huyeyuka ukiguswa na maji, na ukishaenea ndani ya karatasi haurudi. Nasema hivi kwa uchungu wa mtu aliyewahi kukosea. Nikiwa mwanagenzi katika maktaba moja, nilipewa kitabu cha zamani nikiandae kwa ajili ya kuhifadhiwa, nami nikayafuta kwa raba laini maandishi yote ya penseli yaliyokuwa pambizoni, nikaridhika kuwa kitabu kimetakata. Haikupita muda akaja mjukuu wa aliyekuwa mwenye kitabu, akitafuta mahali ambapo babu yake alikuwa ameandika siku aliyohitimisha kitabu kile na jina la shehe aliyemsomesha. Alikuwa ametoka mbali, na alikuwa na hakika ya ukurasa. Nilifungua ukurasa huo mbele yake, na hapakuwa na kitu ila weupe niliousababisha mimi. Tangu siku hiyo sijafuta alama ya mtu.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Kwa maoni yangu, kinachotofautisha alama za babu yako na rangi ya wanafunzi wako si wino, wala umri, wala heshima ya kitabu. Tofauti ni kwamba kila alama ya babu inaeleza kwa nini imewekwa, ilhali rangi ya njano inasema tu kwamba mtu alipita hapa akaona pana umuhimu. Umuhimu wa nini, na kwa ajili ya nani, haisemi.

Tuusome pamoja ukurasa ulioniletea, kwa kuwa huo mmoja una karibu kila aina ya alama iliyotumika katika elimu hiyo. Katikati mna maandishi ya kitabu cha fiqhi cha madhehebu ya Shafii, na baadhi ya maneno yana mstari mwekundu juu yake. Ndugu zako wanadhani msomaji alipiga mstari penye yaliyompendeza. Sivyo. Kitabu hiki ni maelezo ya mwanachuoni mmoja juu ya matini fupi ya mwanachuoni aliyemtangulia, na maneno ya wote wawili yamefumwa katika sentensi moja, kiasi kwamba usipoonyeshwa hutajua ni nani anayesema. Mstari mwekundu unayatenga maneno ya matini na maneno ya mfafanuzi. Waandishi wengine waliiandika matini yote kwa wino mwekundu na maelezo kwa wino mweusi. Wachapaji wa baadaye waliitia matini katika mabano, au wakaichapa pambizoni peke yake. Mwanafunzi aliyekuwa ameihifadhi matini kwa moyo alitupa jicho tu, akaona panapoanza neno analolijua na panapoanza ufafanuzi wake.

Upande wa kulia, yale maandishi ya mshazari yanaanza na neno “faida”. Ndiyo faida hii hii tunayoitaja sokoni. Msomaji alipokutana na jambo lenye manufaa ambalo hakulitarajia mahali pale, alilitangulizia neno hilo ili yeye au atakayekuja baadaye alipate kwa urahisi. Maandishi yameinamishwa makusudi, yasije yakadhaniwa kuwa ni mwendelezo wa kitabu. Chini yake pana neno moja peke yake, “qif”, yaani simama. Limetoka katika shina lilelile lililotupa neno wakfu, mali iliyosimamishwa isiuzwe wala isirithiwe. Hapa ni msomaji anamwambia msomaji mwenzake: usipite mbio, pana jambo la kupima.

Halafu angalia mstari wa tisa. Kati ya maneno mawili pana kikulabu chembamba kilichoelekea pambizoni. Ukikifuata utakuta neno lililorukwa na mwandishi wakati wa kunakili, na baada yake herufi mbili zilizoandikwa pamoja, swadi na ha: “sahha”, yaani ni sahihi. Maana yake ni kwamba neno hilo si maoni ya msomaji bali ni sehemu ya kitabu iliyosahauliwa, na aliyelirudisha anakudhaminia. Wewe unayesahihisha madaftari kila jioni unafanya kazi kwa shina hilohilo la neno. Chini kabisa, karibu na kona iliyoliwa na wadudu, pana “balagha”, imefika. Ni kumbukumbu ya darasa: kusoma mbele ya shehe, au kulinganisha nakala hii na nakala nyingine, kuliishia hapo siku hiyo. Ukizipata “balagha” zote za kitabu hicho na kuzipanga, utaona babu yako, au aliyekimiliki kabla yake, alikuwa akisoma kiasi gani kwa kikao kimoja.

Alama tano, kazi tano, na hakuna hata moja inayoweza kuchukua nafasi ya nyingine. Kiswahili chetu kimeyarithi maneno hayo ya pambizoni kuliko tunavyokumbuka. Tanbihi, ambalo leo ni jina la maelezo ya chini ya ukurasa, lilikuwa likiandikwa pembeni kwa maana ya kumzindua msomaji. Sherehe, lile neno linalotangulia orodha ya msamiati mgumu nyuma ya diwani zetu, ndilo jina la ufafanuzi wa matini. Waliokuja na maneno hayo hawakuyachukua kutoka hewani. Waliyachukua kutoka kurasa kama huo ulio nao.

Kwa upande wa msahafu jambo lilikuwa zito zaidi, nami nalitaja kwa sababu umeandika kuwa sandukuni mna misahafu miwili. Miongoni mwa masahaba, Abdullah bin Mas'ud amepokewa akihimiza Kurani iachwe bila ya kuchanganywa na kisichokuwa Kurani. Hata nukta za kuonyesha irabu, ambazo mapokeo yanamnasibisha nazo Abul-Aswad ad-Du'ali na ambazo zilitiwa kwa wino wa rangi nyingine ili zisichanganyike na herufi, hazikupokewa na wote mara moja. Baadaye wanavyuoni, Imamu Nawawi akiwa mmojawapo, waliliona jambo hilo kuwa jema kwa sababu linakinga usomaji na makosa. Kwa hiyo alama za msahafu zimebaki zile zinazomhudumia msomaji bila ya kusema neno la mtu: mwanzo wa kila juzuu kati ya 30, hizbu ambayo ni nusu ya juzuu, robo ya hizbu, na mahali pa sijida. Katika misahafu iliyoandikwa Siyu, Kisiwa cha Pate, katika karne ya 18 na ya 19, alama hizo za pambizoni zilipambwa kwa rangi, na msomaji aliyefunua kitabu aliziona kabla ya kuona herufi. Ukikuta mapambo ya namna hiyo katika misahafu ya babu, usidhani ni urembo mtupu. Ni dira.

Mashairi yetu nayo yamebebwa na maelezo ya pembeni. Shairi la Muyaka bin Haji linaweza kuwa na neno la Kimvita ambalo hata Mombasa ya leo halisikiki, au likamlenga mtu na tukio ambalo kila mwenyeji alilijua wakati ule. Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi alipoyakusanya mashairi hayo na kuyafikisha kwa mmisionari William Taylor mwishoni mwa karne ya 19, maelezo ya maneno na ya visa yalikuwa na thamani sawa na beti zenyewe. Bila hayo tungekuwa na wimbo bila ya kujua unamwimba nani.

Umeniuliza pia kuhusu wa kale kwa jumla. Sitakupitisha kila nchi, ila Alexandria siwezi kuiruka. Katika maktaba ya mji huo, karne ya 3 na ya 2 K.K., Zenodotus na baada yake Aristarchus waliichambua tungo ya Homer, mshairi wa Wagiriki wa kale, kwa alama za pambizoni. Kistari cha mlalo kiliwekwa mbele ya mshororo walioushuku kuwa si wa Homer mwenyewe. Nyota ilikuwa na kazi yake. Na alama ya pembe, mfano wa >, iliyoitwa diple, iliwekwa mbele ya mshororo wenye jambo la kuzingatiwa. Nakala ya Iliad, utenzi wa Homer, ya karne ya 10 iliyohifadhiwa Venice ingali na alama hizo. Mambo mawili hapo yanakuhusu. La kwanza, alama zilikuwa zikirejelea maelezo yaliyoandikwa mahali pengine, kwa hiyo alama ilikuwa mlango na nyuma yake palikuwa na chumba. La pili ni la kuwasomea ndugu zako: Aristarchus hakuufuta mshororo alioushuku. Aliuacha ulipo, akauwekea kistari, akamwachia msomaji ahukumu. Ile diple nayo ilichukuliwa na waandishi wa Kikristo, wakaiweka kando ya maneno yaliyonukuliwa kutoka Biblia, na kutokana nayo tumepata alama za usemi unazowafundisha vijana wako.

Ulaya ya karne za kati ilitumia wino mwekundu kwa vichwa vya habari na mwanzo wa sura, na wasomaji wake walichora pambizoni mkono mdogo ulionyoosha kidole. Wengine waliuchora kwa haraka, wengine wakaupa pindo la shati na vifungo. Waliandika pia “nota”, zingatia, na ndiko ilikotoka ile N.B. ambayo bado tunaiona katika karatasi za mitihani, kifupi cha maneno ya Kilatini yenye maana ya zingatia vyema. Vitabu vya chapa vilipoenea, wachapaji walianza kuweka alama wao wenyewe. Katika chapa ya kwanza ya Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, ya mwaka 1603, nasaha za mzee kwa mwanawe zina vialama mfano wa koma mwanzoni mwa mistari, kumwambia msomaji kwamba maneno haya yanafaa kunakiliwa. Maana msomaji wa zama hizo hakuishia kwenye alama. Alikuwa na daftari lake la nukuu, na alama kitabuni ilikuwa ahadi kwamba atarudi kuyanakili maneno hayo chini ya kichwa chake. Mwanafalsafa Mwingereza John Locke aliithamini kazi hiyo kiasi cha kutunga na kuchapisha utaratibu mzima wa kupanga faharasa ya daftari la namna hiyo.

Mchapishaji kumwekea alama msomaji kabla hajasoma ni jambo lenye manufaa na lenye hatari pia. Mwaka 1899, huko New York, Louis Klopsch alichapa Agano Jipya ambalo maneno ya Yesu yote yamewekwa kwa wino mwekundu, akiwa amelipata wazo hilo katika aya ya Luka inayotaja kikombe na damu. Biblia nzima ya namna hiyo ikafuata mwaka 1901, na hadi leo ziko Biblia za Kiswahili zinazochapwa hivyo. Mkristo anayetafuta maneno ya Bwana wake huyaona upesi. Lakini macho yanayokimbilia penye wekundu huweza kuyapita yaliyo meusi, na hilo ndilo tatizo la wanafunzi wako kwa sura nyingine.

Kabla sijawafikia, nikae kidogo juu ya kitabu kimoja, kwa sababu kila ninapofundisha kuhusu alama vitabuni ndicho ninachoanza nacho. Katika gereza la Kisiwa cha Robben, Afrika Kusini, miaka ya 1970, mfungwa Sonny Venkatrathnam alikuwa na juzuu moja yenye kazi zote za Shakespeare. Ili askari magereza wasimnyang'anye, aliyafunika majalada yake kwa kadi za sikukuu ya Diwali, kikaonekana ni kitabu cha dini ya Kihindu. Baadaye alikizungusha kwa wafungwa wenzake, akamwomba kila mmoja achague maneno yaliyomgusa, ayawekee alama na kutia saini. Zaidi ya watu 30 walifanya hivyo. Nelson Mandela aliweka saini yake kando ya maneno ya Kaizari, katika tamthilia ya Julius Caesar, yanayosema kwamba waoga hufa mara nyingi kabla ya kufa kwao, na shujaa huonja mauti mara moja tu. Akaandika tarehe, 16 Desemba 1977. Walter Sisulu alichagua maneno ya Shylock, Myahudi wa Mabepari wa Venisi, juu ya kuvumilia dharau kwa kuinua mabega tu, kwani uvumilivu ndio beji ya kabila lake lote. Billy Nair alichagua sauti ya Caliban, mtumwa wa kisiwani katika The Tempest, anayedai kwamba kisiwa hiki ni changu. Tamthilia ile aliyoichagua Mandela ndiyo ambayo Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaitia katika Kiswahili na kuichapisha mwaka 1963, kwa hiyo wanafunzi wako wanaweza kuitafuta aya hiyo katika lugha yao.

Hebu zingatia, Mwalimu, jinsi alama hizo zilivyokuwa chache. Kitabu kina zaidi ya kurasa elfu moja, na kila mtu alikuwa na mahali pamoja. Jina na tarehe vilitosha kuwa maelezo, kwa sababu kila aliyekuwa kisiwani alijua ni kwa nini mtu yule alisimama pale. Lau Mandela angeipigia mstari nusu ya tamthilia, tusingejua leo alichokuwa akijiambia.

Sasa wanafunzi. Kalamu wanayoitumia, ile wanayoiita hailaita, ni changa kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1963 na kampuni ya wino ya Carter's, mara tu baada ya kalamu za ncha ya unyuzinyuzi kubuniwa Japani. Na mwaka 1971 kampuni ya Kijerumani ya Schwan-Stabilo ikaleta ile bapa yenye wino unaong'aa. Wino huo unang'aa kweli, si kwa sifa tu: rangi yake hufyonza miale ya urujuanimno ambayo jicho haliioni, na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana. Ndiyo maana ukurasa uliopakwa huonekana kana kwamba una taa nyuma yake. Njano ilipendwa kwa sababu haifichi herufi nyeusi, na katika fotokopi ya rangi nyeusi hupotea kabisa. Kijani, waridi na buluu hutokea kama wingu la kijivu. Nimeona madesa ya chuo yaliyonakiliwa kutoka nakala iliyopakwa buluu, na aya iliyokuwa muhimu kuliko zote ndiyo isiyosomeka.

Je, inasaidia? Mwaka 2013 kundi la wanasaikolojia likiongozwa na John Dunlosky wa Marekani lilipitia tafiti zilizofanywa juu ya mbinu 10 za kujisomea. Kupigia mstari na kupaka rangi kulipewa daraja la chini la manufaa. Kujijaribu kwa maswali, na kuutawanya usomaji katika siku mbalimbali badala ya kuurundika usiku wa kuamkia mtihani, ndivyo vilivyopewa daraja la juu. Sababu si ngumu kuiona. Tangu mwaka 1933 Hedwig von Restorff alionyesha kwamba kitu kinachotofautiana na wenzake ndicho kinachokumbukwa. Ukurasa wote ukiwa wa njano, hakuna tena kinachotofautiana. Pia mwanafunzi anayepaka huku akisoma kwa mara ya kwanza hajajua bado aya inaelekea wapi, kwa hiyo anapaka kila linalofanana na hoja. Mkono unachoka, naye anauhesabu uchovu huo kuwa ni kusoma.

Hata hivyo sikushauri uwapokonye kalamu hizo. Ningekuomba uwape utaratibu, na ningeanza na penseli. Wasome sehemu nzima bila kushika chochote. Wakifunge kitabu na kusema, hata kwa kunong'ona, mwandishi amedai nini. Ndipo wafungue tena na kutafuta mahali dai hilo lilipo, wapige mstari chini ya maneno machache, siyo chini ya sentensi nzima, na pambizoni waandike neno moja la kueleza kazi ya mstari huo: dai, ushahidi, mfano, pingamizi, swali. Wakishindwa kupata neno hilo, basi mstari usipigwe, kwa kuwa hawajajua bado wanaupigia nini. Mimi huwaambia wanaojifunza kwangu wawaige wazee na kuandika “faida” palipo na jambo jipya, na “simama” pale wasipokubaliana na mwandishi; hii ya pili ndiyo inayonionyesha kama kijana anasoma au anameza. Rangi, kama ni lazima, ije mwishoni kabisa, wakati wa marudio, na isizidi mahali pamoja katika kurasa mbili zinazotazamana.

Vitabu vya kiada vya shule ni mali ya shule na vitarithiwa na darasa lijalo, kwa hiyo humo wasiandike. Alama mbaya ya mtu mmoja humpotosha anayekuja baada yake, kwani macho humwamini aliyetangulia hata kama alikosea. Wakate vipande vyembamba vya karatasi, waandike namba ya ukurasa, neno la pambizoni na maneno ya mwandishi yenyewe, wavihifadhi katika daftari. Wanaosoma kwenye simu nao wafanye vivyo hivyo. Programu za kusomea zinaruhusu kupaka rangi na kuandika maelezo, na tangu mwaka 2010 wasomaji wa Kindle, kifaa na programu ya kusomea vitabu ya Amazon, wanaonyeshwa hata sehemu zilizopigiwa mstari na wasomaji wengine wengi. Mimi hukizima kipengele hicho. Nataka kijana akutane na aya kabla ya kuambiwa kwamba maelfu wameipenda.

Turudi kwa sanduku. Piga picha kila ukurasa, pambizo zote zikiwa ndani ya picha, kwenye mwanga wa mchana usio wa jua kali, bila ya kukilazimisha kitabu kifunuke bapa. Vitabu visikae sakafuni wala visiegemee ukuta wa nje, kwa sababu ya unyevu wa pwani na mchwa. Pasipo na jalada usigundishe selotepu. Gundi yake hugeuka kahawia na kuila karatasi. Kama ni lazima kuandika namba ya kitabu, iandike kwa penseli laini kwenye kipande cha karatasi kilichochomekwa, si juu ya ukurasa. Ukitaka kulinganisha mikono ya waandishi na alama zao, hati za Msikiti wa Riyadha wa Lamu zimepigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kunusuru nyaraka zilizo hatarini, na zinaweza kutazamwa kwenye intaneti.

Ndugu zako wakikuuliza kwa nini mhangaike na maandishi ya pembeni, waeleze habari ya Pierre de Fermat wa Ufaransa. Mnamo mwaka 1637 aliandika pambizoni mwa kitabu cha hesabu cha Diophantus kwamba amepata uthibitisho wa ajabu wa kanuni fulani, ila pambizo ni nyembamba mno, haliutoshi. Kitabu chenyewe kimepotea. Tunalijua neno hilo kwa sababu mwanawe, baada ya baba kufa, alikichapa upya kitabu kile mwaka 1670 pamoja na maandishi yote ya pambizoni, hata yale ambayo hayakukamilika. Wanahisabati walihangaika nalo hadi Andrew Wiles alipoithibitisha kanuni hiyo mwaka 1994.

Katika picha yako pana jambo moja ambalo sikulitaja hapo juu. Kona ya kushoto, kwa wino mwingine, mwembamba na wa karibuni zaidi, pameandikwa “qif” ya pili, na mbele yake pameachwa nafasi ya mistari mitatu isiyoandikwa kitu. Nadhani ni mkono wa babu yako mwenyewe, kwa kuwa unafanana na ule ulioandika jina lake kwenye ubavu wa ukurasa. Alisimama hapo, akaacha nafasi ya kuandika alichotaka kukiuliza au kukijibu, na hakurudi. Mpelekee picha hiyo shehe yeyote wa hapo kwenu anayedarsisha kitabu hicho, umsomee mlango huo tangu mwanzo hadi mahali pale, na umwulize ni jambo gani linalomfanya mtu asimame hapo. Jibu lake liandike kwenye karatasi ya pembeni, na uweke tarehe.